Boti ya faiba inapasukaje ikiwa juu ya trela? Tueleweshane

Wadau wa boti, kuna jambo limekuwa likizua ubishi sana siku hizi, huku Mwanza na huko pwani pia. Boti ya faiba imefanya kazi majini muda mrefu haina tatizo, inapandishwa kwenye trela ipelekwe kwa fundi au ihamishiwe mwalo mwingine (mwalo ni pale ufukweni boti zinapofikia), ikishuka tu watu wanaona ufa chini. Hapo mwenye boti analaumu kiwanda, dereva analaumu barabara, na wazee wa mwalo wanasema si tuliwaambia, faiba sio kitu, rudini kwenye mbao. Na ubishi umekua kwa sababu boti zenyewe zimekuwa nyingi, serikali inakopesha wavuvi boti za kisasa (ule ugawaji wa Mwanza wa Januari 2024 alioufanya Rais Samia ndo wengi mnaukumbuka), Zanzibar nako wavuvi na wakulima wa mwani wamepewa zao, halafu kuna watu binafsi wanaagiza used kutoka nje. Boti zimeingia haraka kuliko elimu ya kuzibeba.

Mimi msimamo wangu ni huu na nitaueleza taratibu: faiba nyingi hazipasuki kwa sababu mzigo ni mkubwa, zinapasuka kwa sababu uzito umekaa mahali pasipotakiwa kukaa. Ukishalielewa hilo basi karibu kila swali la trela unaweza kulijibu mwenyewe bila kuuliza mtu.

Tuanze na majina ili tusipotezane. Omo ni mbele ya boti, tezi ni nyuma, mkuku ni ule mstari wa chini kabisa unaotoka omo mpaka tezi. Boti ya faiba kwa nje ina jelikoti, yaani lile tabaka la rangi linalong'aa, ni jembamba sana, halifiki hata milimita moja, kazi yake ni kuzuia maji yasiingie kwenye faiba yenyewe. Chini yake kuna matabaka ya mikeka ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa resini, yaani gundi ya maji maji, ikakauka. Ndani kabisa, chini ya sakafu, kuna mihimili inayokimbia toka omo kwenda tezi na mataruma yanayokatiza kushoto kulia. Katikati ya muhimili na muhimili hakuna kitu, ni faiba tupu.

Kwenye trela una fremu ya chuma, una winchi mbele ya kuvutia, una lile raba la umbo la V ambalo omo inakuja kugota, na una vitu vya kuilaza boti. Hivi viko vya aina mbili, kuna rola, na kuna mbao ndefu zilizovikwa kapeti. Trela nyingi zina vyote viwili, rola katikati kwa ajili ya mkuku na mbao pembeni.

Sasa, boti ikiwa majini inabebwa na maji kila mahali, hakuna sehemu inayoonewa. Ukiitoa ukaiweka kwenye trela ni sawa na mtu kulala kwenye kitanda. Chaga zikiwa kamili unalala vizuri hata uwe na kilo mia na ishirini, zikipungua mbili katikati godoro linazama na asubuhi mgongo unauma, na uzito wako haujaongezeka hata gramu. Na chaga moja ikiwa imepanda juu kuliko wenzake ndo mbaya zaidi, inakuchoma ubavu usiku kucha. Rola na mbao za trela ndo chaga za boti yako.

Tupige hesabu kidogo ili isiwe maneno matupu. Chukua boti ya kilo 800 pamoja na mashine yake. Ikielea ikiwa imezama kama sentimita 20, kila sentimita moja ya mraba ya tumbo lake inasukumwa na maji kwa gramu 20 tu basi. Ilaze kwenye mbao mbili zenye urefu wa mita 2.5 na upana wa sentimita 10 kila moja, hapo kila sentimita ya mraba inabeba kama gramu 160, bado ni kidogo. Halafu ilaze kwenye rola nane, rola ni duara kwa hiyo inagusa kijisehemu kidogo tu, tuseme sentimita kumi za mraba, kila sentimita inabeba kilo nzima kumi. Boti ile ile, uzito ule ule, lakini sehemu ile inakandamizwa zaidi ya mara sitini ukilinganisha na mbao. Na hapo trela imesimama, haijaingia shimoni, ikidunda kwenye tuta ule uzito wa ghafla unaweza kuzidi mara mbili.

Hii haina maana rola ni mbaya, maana kuna watu wakisikia hivi wanakimbilia kuzing'oa. Rola ni nzuri sana pale ambapo maji ni mafupi na huwezi kuizamisha trela vya kutosha, boti inateleza kirahisi bila kusugua. Shida ni rola kukaa kwenye faiba tupu badala ya kukaa kwenye mkuku au chini ya muhimili. Mkuku ni mnene, unavumilia. Ile sehemu bapa kati ya mkuku na ubavu haivumilii. Kwa hiyo kabla hujabishana rola au mbao, ingia ndani ya boti, fungua sakafu kama inafunguka, pima mihimili iko sentimita ngapi kutoka katikati, halafu nenda kwenye trela uone kama mbao zako zimekaa hapo hapo. Trela nyingi zinazouzwa huku hazikutengenezwa kwa ajili ya boti hiyo unayoibeba, zimekutana tu mtaani, hiyo boti imetoka nchi nyingine na trela imechomelewa gereji. Bolti za kusogeza mbao zipo, watu hawazigusi.

Na hapa niseme kitu ambacho naona kinapuuzwa kuliko vyote, mbao lazima zifike mpaka mwisho wa tezi. Pale nyuma ndo pana mashine, na mashine ya nguvu farasi 40 yenyewe tu ni kama kilo 70 na zaidi, ongeza betri na tangi la mafuta (lita 100 za petroli ni kilo 74 hivi) utaona tezi ndo nzito kuliko sehemu nyingine yote. Kama mbao zimeishia nusu mita kabla, ile nusu mita inaning'inia hewani na mzigo wote ule. Boti ikikaa hivyo miezi, tumbo linajikunja pale mbao zilipoishia, halipasuki hata, linapinda tu, halafu mtu anakuja kushangaa mbona boti siku hizi haikimbii au inainamisha omo, anafungua mashine anatafuta ugonjwa usiokuwepo.

Haya, twende kwenye kupandisha kwenyewe.

Swali la kwanza la kila mtu ni trela izame kiasi gani. Wengi wanaamini ukiizamisha sana ndo unaihurumia boti maana inaelea mpaka ndani. Sio kweli, au tuseme ni kweli nusu. Trela ikizama sana boti inaelea juu ya mbao bila kushikwa na chochote, upepo ukija unaisogeza pembeni, wewe huoni kwa sababu kila kitu kiko chini ya maji, gari likianza kupanda boti inashuka ikiwa imekaa upande, mbao moja iko chini ya ubavu na nyingine haijagusa kitu. Uzito wote umeenda kwenye ukingo. Ikizama kidogo sana nayo ni balaa jingine, unaivuta kwa winchi juu ya kapeti kavu, omo imepanda lakini tezi bado iko majini, katikati hapo boti yote imeegemea rola ya mwisho ya nyuma, rola moja tu. Ule mkwaruzo mrefu unaoonekana kwenye mkuku wa boti nyingi unatokana na hapo.

Kipimo ambacho kinafanya kazi kwa trela nyingi za mbao ni hiki, ingiza trela yote mpaka mbao zilowe kabisa, kapeti likishalowa linateleza, halafu itoe taratibu mpaka theluthi ya mbele ya mbao iwe imetoka nje ya maji. Hapo omo ikija inakuta mbao inaegemea na kunyooka yenyewe, tezi bado inaelea, unamalizia kwa winchi mita ya mwisho bila kutumia nguvu nyingi. Ukiona winchi inataka watu wawili jua kuna kitu hakijakaa sawa, simama, rudisha gari nyuma kidogo, usiendelee kukaza. Rampu (ule mteremko wa kushushia na kupandishia boti) ikiwa kali theluthi inaweza isitoshe, utajifunza rampu yako.

Kuna wanaopandisha kwa kukanyaga mafuta, boti inaingia kwenye trela kwa nguvu ya mashine mpaka igote kwenye raba. Naelewa kwa nini, ni haraka na mtu halowi. Lakini omo inapiga kizuizi kwa kishindo, na maji yanayosukumwa na pangaboi la mashine yanachimba shimo kwenye mwisho wa rampu, mchanga na mawe yanatupwa nyuma na kufanya kilima. Kesho mwenzako anarudisha trela, tairi linadumbukia kwenye lile shimo, boti yake inakita. Kwa kweli hii tabia tuiache, rampu zenyewe tulizonazo ni za kuhesabu.

Bomba mbili za plastiki zilizosimama nyuma ya trela, moja kila upande, zitakusaidia kuliko kifaa chochote cha bei. Dereva anaona trela iko wapi, na mtu wa boti anajua katikati ni wapi. Funga tu na usizitegemee kubeba boti, zenyewe ni za kuonyesha njia.

Kitu kingine kinachowachanganya watu: boti imevutwa mpaka omo imegota kwenye raba vizuri, gari limepanda, limefika sehemu tambarare, ukiangalia unakuta omo imeachana na raba kwa sentimita kadhaa, na mtu anasema winchi imeteleza. Haijateleza. Pale rampuni trela ilikuwa imeinama lakini boti ilikuwa bado inaelea imelala na maji, pembe zao ni tofauti. Trela ilipotoka, boti imelala juu ya mbao na omo imebadilisha mahali. Usiiache hivyo na wala usijaribu kuivuta nchi kavu kwa winchi kilo 800 zikisugua kapeti. Rudisha kwenye maji mpaka tezi ielee tena, kaza, toka. Mara ya pili inakaa.

Kwa wenzetu wa pwani maji yenyewe yana ratiba, na hapa watu wa bara wanaokuja likizo na boti zao ndo wanaumia. Kwenye bamvua, zile siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji yanapanda na kushuka mpaka mita tatu na zaidi, na kwa pwani yetu ya Dar, Zanzibar na Mombasa yanajaa kuelekea saa kumi na kupwa kuelekea saa nne. Sehemu kama Paje na Jambiani maji yakipwa yanaenda mbali huko, hata rampu ingekuwepo ingekuwa haina kazi. Kwenye maji mafu, zile siku za nusu mwezi, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, kazi ni rahisi. Pandisha maji yakiwa bado yanajaa. Ukikosea yakiwa yanajaa, unasubiri dakika chache yanakunyanyua unarekebisha, ukikosea yakiwa yanapwa unabaki na boti imekaa nusu kwenye trela nusu kwenye mwamba, na kila dakika uzito wake unaongezeka juu ya ile sehemu iliyogusa.

Mawimbi nayo. Hapa ndipo boti nyingi nzuri zinapoharibika na mwenyewe hajui. Wimbi likiinyanyua tezi sentimita kumi tu na kuiachia juu ya mbao, hiyo ni nyundo, na linarudia kila baada ya sekunde chache wakati wewe unatafuta ndoano ya winchi. Kusi likivuma kwa nguvu subiri, au tafuta mkono wa bahari uliokingwa. Kama lazima utoe, kila kitu kiwe tayari kabla boti haijagusa trela, gari linanguruma, winchi imefunguliwa, mtu mmoja kwenye omo na mmoja kwenye tezi, ikikaa tu inavutwa nje haisubiri.

Ziwa Viktoria halina kupwa wala kujaa kwa namna hiyo lakini lina mambo yake. Mwaka 2020 na tena 2024 maji yalipanda sana, mialo mingi ilifunikwa, na rampu ya zege iliyokuwa wazi ikawa chini ya maji. Usirudishe trela mahali usipopaona. Mtu aingie kwa miguu kwanza apime, ajue zege linaishia wapi, maana tairi likipita ule mwisho na kudumbukia, trela inanyanyuka katikati na boti inabebwa na rola mbili tu.

Ikishatoka majini, kabla ya kufunga chochote fungua kizibo cha tezi maji yatoke. Lita moja ni kilo moja, boti yenye maji sentimita chache chini ya sakafu inaweza kuwa imebeba kilo mia mbili usizozijua, tena zinazotembea mbele na nyuma kila ukifunga breki. Barafu, nyavu, samaki, toa.

Kufunga kuna imani kwamba ukikaza zaidi ndo salama zaidi. Mkanda unaopita juu ya boti ukikazwa kwa racheti mpaka unalia unakuwa unaivunja boti kwa juu huku trela inaisukuma kwa chini. Kinachotakiwa ni boti na trela vidunde pamoja, basi. Mikanda miwili ya tezi ifungwe kwenye pete za nyuma za boti zenyewe, ishuke kwenye fremu. Mbele weka mnyororo wa peke yake kutoka kwenye pete ya omo, usiiachie winchi, winchi ni ya kuvutia sio ya kushikilia safari nzima. Mashine ipandishwe na iegemezwe kwa gongo linaloshuka kwenye fremu, ikining'inia yenyewe kwenye barabara ya matuta inautikisa ule ukuta wa tezi mpaka unachoka. Ukitembea kilomita tano hivi simama ukague, mikanda mipya inalegea.

Na grisi kwenye mbao jamani hapana. Najua wengi wanapaka ili boti iteleze. Inateleza kweli, inateleza na kurudi rampuni ukifungua ndoano mapema, ikidondoka kwenye zege hapo hakuna fundi wa kukufariji, halafu grisi inakamata mchanga na mchanga unakula jelikoti kila boti inapocheza. Maji ya bomba kwenye kapeti baada ya kila safari ya bahari yanatosha. Kapeti likichakaa badilisha kabla vichwa vya bolti havijatokeza, chuma kimoja kilichotokeza kinachora boti yote toka mbele mpaka nyuma.

Sasa tuseme ukweli, wengi hamna trela. Boti inasafiri juu ya Fuso, chini yake tairi chakavu na magunia ya mchanga. Inawezekana kabisa na inafanyika kila siku, sharti ni lile lile. Tairi moja kubwa katikati ya tumbo ndo njia ya uhakika ya kupasua. Panga mkuku uwe umelala kwenye mbao au tairi mfululizo toka omo mpaka tezi, halafu magunia pembeni yakae usawa wa mataruma, yajazwe nusu ili yachukue umbo la boti, gunia lililojaa kabisa linakuwa gumu. Tezi ipate tairi lake. Na mashine ivuliwe, ipande peke yake.

Boti za mbao nitazigusa tu. Mkuku wake ni gogo zima na mataruma yamepigiliwa juu yake, ndo maana inaburuzwa juu ya magogo ufukweni na haishtuki, na ndo maana wazoefu wa mbao wanaidharau faiba. Ila mbao nayo juu ya trela inasumbuka kwa njia nyingine, inakauka, viungo vinafunguka na kalafati (ile pamba ya kuziba viungo) inatoka ikitikiswa njia nzima, kwa hiyo kabla ya kuirudisha kazini iache ilowe.

Mwisho, kama boti yako imeshabebwa na una wasiwasi. Lala chini uangalie na tochi. Nyufa nyembamba zilizotawanyika kutoka sehemu moja maana yake kuna kitu kimegonga hapo au rola imekaa hapo. Nyufa zilizojipanga sambamba kwenye mstari maana yake faiba imekuwa ikijikunja juu ya ukingo mgumu, mara nyingi ni mwisho wa mbao. Chukua sarafu au mpini wa bisibisi ugonge gonge kuanzia sehemu nzima kuja kwenye ufa, faiba nzima inalia kwa sauti kali, ikifika mahali sauti inakuwa nzito na imekufa ujue matabaka yameachana kwa ndani. Weka alama kwa chaki kuzunguka hiyo sehemu. Usikubali mtu akupakie rangi juu, maji yameshapata njia ya kuingia na yataendelea kuingia, fundi asage mpaka afike kwenye faiba nzima, aache ikauke kabisa, ndo ajenge upya matabaka. Na wakati anafanya hivyo wewe nenda kwenye trela ukatafute ni rola ipi au ni mbao ipi imekaa sawa na ile alama ya chaki, uisogeze.